Kaye ya Maumivu ya Aurore

Mwaka ule wa vita, mabomba ya maji ya mtaa wetu wa Nguba, mjini Bukavu, yalitoa upepo tu. Kila alfajiri, kabla ya shule, niliteremka ziwani na bidoni ya lita kumi, nikapanda nayo mlima huku maji yakinidondokea mgongoni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Dada yangu Aurore alikuwa na kumi na mitano, mrefu kuliko mimi, na hakuteka maji hata siku moja.

Yeye alibaki karibu na mbabula, jiko letu la makaa, amefunikwa kitenge, mama akimkanda miguu kwa maji ya moto. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zikipatikana, alipakuliwa yeye kwanza. Sweta yangu nzito ilihamia mwilini mwake bila mimi kuulizwa. Damu yake ilikuwa imepimwa hospitalini Katana, ikaonekana ana ule ugonjwa wa kuzaliwa nao ambao kwetu huitwa SS, unaoleta maumivu makali ya mifupa. Hayo yote niliyajua, lakini wivu hausikilizi vipimo vya damu.

Baba hakuwepo wa kunitetea. Vita vilipoanza alikuwa safarini Kinshasa, njia zikafungwa. Mama alibaki na sisi wawili, na macho yake yote yalikuwa kwa Aurore.

Mwezi wa kumi maumivu yalizidi. Aurore alikosa masomo mara nyingi hata mkuu wa shule akaonya kwamba atarudia mwaka. Mama akampeleka kwa docta Donatien, kwenye kituo cha afya cha mtaani. Docta alitaka kujua maumivu yanakuja lini, akampa mama kaye, daftari tupu. Kwa mwezi mzima, kila siku iandikwe kama mtoto ameumwa, saa ngapi na wapi. Mama hakujua kuandika, na vidole vya Aurore vilikuwa vinavimba. Kazi ikaniangukia mimi.

Siku tano za kwanza niliandika vizuri. Siku ya sita Aurore aliamka akilia maumivu ya magoti, na mama akanituma ziwani mara mbili. Nilifika shule nimelowa, nimechelewa, nikapigishwa magoti mbele ya darasa zima. Jioni nikafungua kaye na kuandika, "Hakuumwa." Neno hilo lilinifurahisha, sifichi. Tangu hapo, kila asubuhi yake mbaya niliigeuza nzuri kwa kalamu yangu.

Mwisho wa mwezi docta alisoma kurasa zote mbele yetu. Akasema mtoto anaendelea vizuri kuliko alivyotarajia, na anaweza kufanya kazi ndogondogo kama wenzake. Mama alijaribu kusema kwamba asubuhi analia, docta akamsomea tena kilichoandikwa. Aurore aliomba kaye, akasoma, akanitazama, akairudisha bila kunishtaki. Nilimchukia zaidi kwa wema huo.

Kesho yake alichukua bidoni ndogo, tukateremka pamoja. Njiani akaniambia, bila hasira:

"Maombi, hata miye nilikuwa nakusikilia wivu. Kila siku unarudia na habari za wenzako wa ku ziwa. Miye naonaka tu ukuta."

Kumbe wivu ulikuwa unalala katika vitanda vyetu vyote viwili.

Wakati wa kupanda, aliweka bidoni chini, akakaa. Kisha akalala palepale njiani. Midomo ilikuwa imekauka, jasho linamtoka, na alipojaribu kulia sauti haikutoka. Nilipiga kelele hadi wanaume wawili wakaja, wakambeba mpaka kwa docta.

Docta alimtundikia serumu, chupa ya maji ya mshipani. Akamuuliza mama imekuwaje ghafla hivi, wakati mwezi mzima mtoto alikuwa salama. Nikajibu kabla ya mama.

"Docta, haiko gafula. Ni miye nilidanganya mu kaye. Karibu kila asubui alikuwa anaumwa."

Mama aliinua mkono, kisha akaushusha. Docta hakunigombeza. Alinipa kalamu niandike upya, siku kwa siku, mama akinikumbusha na Aurore akinisahihisha kwa sauti ndogo kutoka kitandani. Docta akapitisha kidole kwenye saa zilizoandikwa. Maumivu yalikuja alfajiri, karibu kila mara alfajiri.

"Maman Georgette," akamwambia mama kwa jina lake, "mangaribi mutoto anakunywaka maji?"

Mama alieleza kama jambo la kawaida, maana kwetu lilikuwa la kawaida. Tangu vita vianze, watoto hawakunywa kitu baada ya saa kumi za jioni, wasije wakataka kwenda chooni usiku. Choo kilikuwa nyuma ya nyumba, na huko nje walipita askari. Majirani wote walifanya hivyo.

Docta alieleza kwamba mwili wa Aurore ukikosa maji, damu yake inakwama kwenye mishipa, na ndipo mifupa inauma. Tulikuwa tunamwepusha na askari na kumtia katika maumivu kwa mikono yetu wenyewe. Akaagiza anywe maji mengi mchana na jioni, alale penye joto, na ndoo yenye kifuniko iwekwe ndani kwa haja ndogo ya usiku. Alisema wazi kwamba ugonjwa hautaisha, ila asubuhi nyingi zitakuwa nzuri.

Kisha akanigeukia.

"Maombi, wivu kuingia mu roho ya mutu, inafikaka. Lakini mugonjwa hana kitu ingine ya kutuonyesha fasi inauma, iko na maneno yake tu. Ukiharibu ile maneno, unamufungia mulango ya kusaidiwa. Kama ungeandika kweli, ningejua ile siku nilisoma kaye."

Mama, akiangalia chini, akauliza nani atakuwa anamwaga ndoo hiyo asubuhi, maana yeye huwahi sokoni. Aurore akaanza kuinua kichwa ili ajitolee.

"Ni miye," nikasema.

Niliimwaga hadi mwisho wa mwaka wa masomo, na Aurore akapanda darasa. Ndoo ilinuka, tusidanganyane. Lakini kila asubuhi nilipoikuta nzito, nilijua dada yangu amekunywa maji, na nilifurahi.