Alama ya Kalamu Nyekundu

Nyumbani kwetu asubuhi huanza kwa mlio wa cherehani. Baba ni fundi nguo, na chumba cha mbele ndicho karakana yake. Kuna meza ndefu ya kukatia, rafu ya vitambaa, na kioo kirefu ambacho wateja hujitazama huku wakivuta matumbo ndani. Mama hukaa karibu na dirisha akishona vifungo. Mimi, kazi yangu ya likizo ilikuwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku, na kuongea. Kuokota pini nilitumwa, kuongea nilijituma mwenyewe, ndiyo maana nyumba nzima waliniita Kipaza.

Dada yangu alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisoma mawasiliano ya umma. Masomo hayo yalimkaa Baba kooni.

"Hebu nielezeni jamani," alisema asubuhi moja, akitoa pini mdomoni. "Mtu anakwenda chuo kikuu miaka mitatu kujifunza kuongea? Basi huyu Kipaza ni profesa tayari. Mvalisheni joho!"

Mama alicheka. Dada naye alicheka, lakini nilimwona akitazama chini.

"Hatujifunzi kuongea, Baba. Tunajifunza kumfikishia mtu habari ikiwa kamili. Muhula uliopita tulipeleka sokoni bango la kunawa mikono, tukawauliza watu hamsini wameelewa nini. Nusu yao walidhani tunauza sabuni! Ikabidi tulichore upya."

"Na ukimaliza, kazi yenyewe iko wapi?"

"Wengi wako redioni na magazetini. Ila yule afisa habari wa hospitali yetu, anayeandika matangazo yao na kujibu maswali ya waandishi, naye alisoma hukuhuku. Kuna dada mmoja aliyetutangulia anatengeneza filamu fupi za kuwafundisha wakulima. Hata idara ya maji ina mtu wake wa kuwaeleza wateja kwa nini mabomba yamekauka."

"Huyo namwonea huruma," Baba alisema, akageuza kitambaa. Kisha sauti yake ikabadilika. "Sikiliza, mwanangu. Hayo mafunzo yako ya vitendo, msimamizi wako akikuandikia ripoti nzuri, nitanyamaza. Ikiwa mbaya, utaomba kuhamia uhasibu. Huko angalau naelewa watu wanafanya nini."

"Sawa, Baba," Dada alijibu. Alikuwa anayapenda masomo yale kupita kiasi, na mimi nilijua, kwa sababu tulilala chumba kimoja na alikuwa akinisomea kazi zake kwa sauti hadi nasinzia.

Mafunzo yenyewe alikuwa akiyafanya katika kituo kidogo cha redio, ghorofa ya pili juu ya duka la rangi. Ukipanda ngazi, harufu ya rangi inakupokea kabla ya mtu yeyote. Kuta za studio zilikuwa zimebandikwa trei za mayai ili sauti isipige mwangwi. Mkubwa wa mahali pale alikuwa mhariri, mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Kila ukimwambia jambo aliuliza, "Una hakika?" Ukimwambia mvua inanyesha, atauliza una hakika, kisha atafungua dirisha. Wafanyakazi walimwita Mama Hakika, naye alilipenda jina hilo.

Mama Hakika alikuwa na sheria moja isiyo na msamaha. Kila tangazo liliandikwa kwenye karatasi yake, na chini ya karatasi palikuwa na kisanduku. Siku ya kulisoma hewani, lazima mtu ampigie simu mwenye tangazo na kumuuliza kama mambo bado yako vilevile. Akishajibiwa, ndipo anaweka alama kwenye kisanduku kwa kalamu nyekundu. Karatasi isiyo na alama nyekundu haiingii studio.

Dada alikabidhiwa kipindi cha watoto cha Jumamosi, naye akaniombea ruhusa nisome tangazo moja. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikupata usingizi kwa furaha. Tangazo lilitoka hospitali: chanjo ya watoto wachanga ingetolewa Jumatatu asubuhi.

"Wapigie hospitali," Dada aliniambia, akinipa simu na kalamu nyekundu. "Waulize siku na saa. Mimi naweka sawa vipaza sauti."

Nilipiga. Simu ilikuwa inatumika. Nikapiga tena, bado. Mara ya tatu, bado. Kupitia kioo cha studio niliwaona watoto wenzangu wameshaanza kujaribu sauti zao, mmoja amekalia kiti nilichokitamani. Nikaitazama barua ya hospitali. Ilikuwa na muhuri na sahihi, na siku imeandikwa waziwazi. Nikajiambia, watu wazima wenye muhuri wanakoseaje? Nikaweka alama nyekundu, nikakimbilia kiti changu.

Nilisoma vizuri, na hilo silifichi. Hata Mama Hakika alinipungia mkono kwa nje ya kioo.

Jumatatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kama saa nne hivi, mwanamke mmoja aliingia karakana kujikinga, amelowa chapachapa, mtoto mchanga kifuani ndani ya kanga mbili. Mama alimvutia kiti haraka na kumpa kitambaa kikavu.

"Unatoka wapi na mvua hii, mwanangu?" Mama alimuuliza.

"Hospitali, Mama. Nimetembea saa mbili kutoka kule kwenye matanuri ya matofali. Nimefika, chumba cha chanjo kimefungwa. Mlinzi anatuambia leo hakuna kitu, na tuko kina mama zaidi ya ishirini pale mlangoni. Redioni walisema Jumatatu! Nilimsikia kwa masikio yangu mtoto mmoja wa kike akisoma. Sauti nzuri kweli."

Cherehani ya Baba ilinyamaza. Mimi niliinama, nikawa naokota pini ambazo hazikuwepo. Mtoto yule alikohoa tena na tena.

Mvua ilipopungua na yule mama kuondoka, Baba alitingisha kichwa. "Hayo ndiyo masomo yenyewe sasa. Kumtembeza mzazi kwenye mvua."

Adhuhuri Dada alirudi, uso umemparama. Alinivuta chumbani.

"Simu hazikatiki kule kituoni. Kipaza, Jumamosi uliwapigia hospitali, sivyo?"

Hapo ndipo ningesema kweli, na mambo yangeishia hapo. "Niliwapigia," nilijibu. "Walisema Jumatatu."

Dada alishusha pumzi. "Afadhali. Basi kosa ni lao. Mama Hakika anataka kujua nani alipokea simu siku ile, maana hospitali wanadai siku ilibadilishwa kwa sababu jokofu la dawa liliharibika. Huyo mpokea simu atakuwa matatani. Ila nashukuru si sisi. Ripoti yangu inaandikwa wiki hii."

Akaniamini hivyo tu, bila hata kuniangalia mara mbili. Laiti angenigombeza, ningepata pa kujifichia. Nilimfikiria mpokea simu ambaye sijawahi kumwona, labda ana watoto, anaulizwa kwa nini alidanganya, naye anaapa kuwa hakuongea na mtu. Dada alikuwa ameshavaa viatu kwenda kumpa Mama Hakika jibu langu.

"Dada, subiri." Machozi yalinitangulia. "Sikuongea na mtu. Simu ilikuwa inatumika. Nikaweka alama tu."

Dada alikaa kitandani. Mlango ulikuwa wazi, na huko karakana cherehani ilikuwa imenyamaza tena.

"Kwa nini, mdogo wangu?"

"Nilitaka kuwahi kiti."

Nilidhani atanipiga. Badala yake alinifuta uso kwa kiganja chake. "Na mimi nilikuachia simu bila kusimama karibu, nikaiona alama nisiulize. Twende tukawaambie. Sasa hivi, kabla hawajamuumiza mtu mwingine."

"Ripoti yako je?"

"Vaa viatu, Kipaza."

Tulipotoka, Baba alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. "Nakwenda nanyi," alisema. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuzipanda ngazi zile.

Mama Hakika alitusikiliza hadi mwisho, miwani mkononi. Nilieleza mwenyewe. Hata habari ya kiti sikuificha.

"Una hakika hukuongea na mtu yeyote?" aliuliza.

"Nina hakika, Mama."

"Asante kwa kuniambia." Akamgeukia Dada. "Wewe ndiye mwenye kipindi. Tufanye nini?"

Baba alimtazama Dada. Nami nilimtazama. Dada alivuta karatasi mpya na kuanza kuandika, akisema anachoandika. "Tunasahihisha leo hii, kwenye taarifa ya mchana na tena jioni. Tunaanza na siku sahihi, kwa sababu ndiyo mzazi anayoihitaji kwanza. Kisha tunaomba radhi. Hatusingizii jokofu, wala mtoto aliyesoma. Tunasema hatukuthibitisha, kosa ni letu. Na tunamwomba afisa habari wa hospitali aje aeleze mwenyewe, maana kuna waliokata tamaa ambao watataka kusikia sauti ya hospitali." Alikata neno moja, akaandika lingine jepesi. Baba alikuwa amesogea nyuma yake, anaangalia kalamu inavyokata na kurekebisha.

"Vizuri," Mama Hakika alisema. "Nani anapiga simu?"

Akanipa mimi. Nilipiga, simu ikawa inatumika. Nikapiga mara ya pili, ya tatu, ya nne. Watu wazima watatu walisimama wakinisubiri, na hakuna aliyeniharakisha. Mara ya saba sauti ya mwanamke iliitika. Nilimuuliza siku, nikamuuliza saa, kisha nikamrudishia alichosema ili nisikie kama nimeshika sawasawa: Jumatano, saa mbili asubuhi. "Ndivyo hasa, mwanangu," alisema. Nilimwomba samahani pia, ingawa hakujua samahani ya nini.

Ndipo nikachukua kalamu nyekundu.

Jumatano nilikwenda hospitali na Mama kusaidia kubeba maji ya kunywa kwa waliokuwa kwenye foleni. Yule mama wa matanuri ya matofali alikuwepo, mtoto wake ameshachanjwa, analia kwa sauti kubwa ya afya. Nilimwambia kuwa sauti ile ilikuwa yangu. Alimhamishia mtoto begani, akasema, "Siku nyingine nitakuamini. Usinifanye nijute."

Ripoti ilitoka Ijumaa. Mama Hakika hakuficha kitu. Aliandika kwamba mwanafunzi aliachia kosa likaenda hewani, halafu akaandika mistari minane juu ya jinsi alivyolisahihisha, na mwishoni: "Yuko tayari kwa kazi hii." Dada aliisoma kwa sauti karakana, pamoja na sehemu ya kosa.

Baba alizima pasi. "Simama mbele ya kioo," alimwambia Dada. Akavua futi shingoni, akaanza kumpima mabega.

"Unapima nini, Baba?"

"Koti la kazi. Utaingiaje ofisi za watu na hiyo blauzi?" Aliandika kipimo, akapima tena palepale, akalinganisha na alichoandika. Kisha akaniita. "Kipaza, njoo uone. Bega hili nimelipima. Kwa nini narudia?"

"Ili uwe na hakika."

"Sikiliza nikwambie. Nikikosea kitambaa, anaumia mteja mmoja. Wewe ulikosea neno, wakaumia kina mama ishirini na watoto wao. Nilidhani dada yako anajifunza kuongea. Kumbe anajifunza kutokuongea mpaka ajue." Alinishika kidevu, bila ukali. "Jambo ambalo hujalifanya, usiweke alama kwamba umelifanya. Na ukishaweka, sema upesi, hata kama unatetemeka. Ulichofanya Jumatatu mchana ndicho kilichowaokoa wengine. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba."

"Una hakika?"

Dada aliangua kicheko, Mama akafuatia, na Baba mwenyewe akashindwa kujizuia. Kisha akanikabidhi futi, akaniambia nimpime dada yangu urefu wa mkono. Nilipima, nikamsomea namba. Kabla hajaiandika, nilimwambia asubiri kidogo, nikapima tena.