Siku Waliyokuja Kupima Koo

Ndugu zangu wa milima hii ya juu ya Litein, ninyi mnaochuma majani chai na ninyi mnaoyasaga kiwandani, nipeni masikio kidogo. Mimi si mgeni kwenu. Ni Mwalimu Eucabeth, yule Mjaluo aliyekuja kuwafundisha watoto wenu Kiswahili akasahau kurudi kwao. Haya nitakayosimulia yalitokea nyumbani kwa jirani yangu Benard Kipyegon, na ni yeye aliyeniruhusu kulitaja jina lake. Aliniambia, "Sema yote, Mwalimu. Na yako pia usifiche." Yangu nitayasema, ingawa yananichoma.

Jumapili moja ya mwezi wa pili, mwaka jana, tuliketi kwa Benard baada ya ibada. Wingu la mvua lilikuwa bado upande wa Roret. Ng'ombe walikuwa wamekamuliwa, mabinti walikuwa wanacheka jikoni, na Priscah, mke wa Benard, alituletea chai iliyokuwa bado inatokota kwenye sufuria. Mnajua tunavyokunywa chai huku. Haipulizwi, haipozwi. Benard alimaliza kikombe chake nikiwa bado nakizungusha changu mkononi, akanitania kama kawaida yake.

"Mwalimu, chai ya kupulizwa ni ya mgonjwa. Wewe ni mgonjwa?"

Tulicheka. Kisha kikaletwa kimnyet, ugali wetu wa kila siku, pamoja na mboga. Priscah akameza tonge la kwanza, akasimama ghafla, mkono kifuani. Machozi yalimtoka. Alichukua chai ile ya moto akaigugumia, akatulia.

"Ni kipande tu imekwama," alisema.

Nilimfuata jikoni. Priscah na mimi tulikuwa tumekaa jirani miaka ishirini na sita, kwa hiyo sikuzunguka.

"Hii imeanza lini?"

"Tangu Krismasi. Nyama niliacha. Ugali nasukuma na chai."

"Umemwambia Benard?"

"Nimwambie nini, Mwalimu? Ati chakula imenishinda?"

Wiki mbili baadaye alinijia kijana mmoja wa kwetu, Calvince Ouko, daktari katika hospitali kubwa ya upande wa Bomet. Ninyi mnajua, na hata mimi najua, ni watu wangapi tumewazika kwa ugonjwa wa koo. Calvince alinieleza kwamba siku hizi sayansi imefika mahali ambapo mama zetu hawakuota. Kuna mpira mwembamba wenye kamera kwenye ncha. Unapitishwa mdomoni, daktari anaangalia ndani ya koo kama mtu anayeangalia televisheni. Anapaka dawa ya rangi ya kahawia, na pale palipoanza kuharibika panakataa rangi. Mgonjwa akiwahi, panakwanguliwa huko huko ndani na anarudi nyumbani bila kupasuliwa kifua. Alitaka kuja na wenzake kwenye zahanati yetu, na bure. Alichohitaji kwangu ni tangazo.

Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini na moja. Ningemkatalia vipi? Nilichukua karatasi kubwa na kalamu nene, nikaandika kwa ule mwandiko wangu ambao mkaguzi wa shule aliwahi kuusifu:

UPIMAJI WA KOO. Jumamosi, saa tatu, zahanatini. Watu wote wa miaka arobaini na kuendelea. Kipande kidogo kitachukuliwa kwa uchunguzi wa kisayansi.

Jumatatu asubuhi nikalibandika kwenye kituo cha kupimia majani, mahali ambapo kila mtu hupita na gunia lake. Nikarudi nyumbani nimejaa fahari. Hata kwa Priscah sikwenda kumweleza; niliona tangazo linatosha.

Sasa nisaidieni wenyewe. Koo, makoo: hiyo ni ngeli ya LI-YA, pale chakula kinapopita. Ukoo, koo: hiyo ni ngeli ya U-ZI, jamaa wa mlango mmoja. Nilikuwa nikiwachapa watoto wenu kwa kuzichanganya. Na kupima je? Mtu wa huku akisikia kupima, anafikiria mambo mawili. La kwanza ni majani yake kwenye mzani. La pili ni shamba lake na mpaka.

Mathew, binamu yake Benard, alikuwa wa kwanza kulisoma. Mathew si mtu mbaya. Shida yake ni kwamba hujua nusu ya kila jambo, na nusu hiyo huisema kwa sauti kubwa. Alikuwa ametazama kwenye simu habari za DNA, jinsi wanasayansi wanavyoweza kupima mate ya mtu wakajua vizazi vyake vilitoka wapi. Jambo hilo ni la kweli, wala si uganga. Basi alisimama pale kwenye mzani akawafasiria wazee wasiojua kusoma.

"Koo ni ortinwek," aliwaambia, yaani milango ya Kipsigis. "Wanakuja kupima ortinwek. Ile DNA! Unatema mate, mashine inasema kugo yako, babu yako, alitoka wapi. Na muone hapa chini: kipande kitachukuliwa. Kipande ya nini? Si ni ya shamba!"

Neno likishageuzwa kuwa ortinwek, nani tena angefikiria koo la kumezea? Kufikia saa sita lilikuwa limefika kila boma. Na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza, ingawa mwandiko wangu wanaujua. Mnajua kwa nini. Anayeuliza, majirani watataka kujua anaogopa nini.

Benard alikuwa na la kuogopa. Babu yake aliitwa Nyang'au. Ndiyo, jina la Kisii. Alikuja milima hii akiwa mtoto, wakati wa njaa, akapokewa katika boma la Kipsigis, akatiwa katika ukoo kwa desturi zote, akapewa jina jipya na baadaye ardhi. Baba yake Benard alimnong'oneza hayo mara moja tu, akamwambia asiyatoe nje. Benard akayabeba tangu ujana wake. Sasa akaona mashine inakuja kumvua ukoo mbele ya watu, na shamba la chai alilorithi lifuate.

Jioni ile, wakati wa kukamua, alimwambia mkewe, "Jumamosi hakuna mtu wa boma hii anaenda zahanati."

"Lakini Baba Fancy, kama madaktari wako hapo, si ningewaambia hii maneno ya chakula kukwama?"

"Utaenda siku ingine. Ukienda hiyo siku wataandika jina ya boma. Wakianza na wewe, watamaliza na mimi."

Priscah ni binti wa ukoo mwingine kabisa. Hata mate yake yangepimwa mwaka mzima, yasingesema lolote juu ya Nyang'au. Lakini hofu haipigi hesabu. Priscah akaendelea kukamua.

Jumamosi walifika watu kumi na mmoja. Tisa kati yao walikuwa wafanyakazi wa kiwanda kutoka kwetu ziwani, watu wasio na shamba huku. Ningetumia akili ningejiuliza kwa nini. Badala yake nilikasirika. Nikiwa narudi nilimkuta Priscah uani.

"Hukuja!" nilimwambia.

"Mwenye boma amekataa, Mwalimu."

"Basi kaeni hivyo hivyo," nikasema, nikapita zangu. Nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya tangazo langu, si kwa ajili ya koo lake. Hilo ndilo kosa langu la pili, na ndilo kubwa kuliko la kwanza. Ningesimama nikauliza kwa nini, pengine angekuwa bado ananiazima ungo.

Mwezi wa sita Fancy, binti yao mkubwa mwenye saluni Litein, alikuja nyumbani kutembea. Alimkuta mama yake amefunga leso mara mbili kiunoni ili sketi isianguke. Alimwandalia chai. Priscah alikunywa funda moja, likarudi. Fancy hakuomba ruhusa ya mtu. Aliita gari, akamwingiza mama yake, akaniita mimi, na Benard akapanda nyuma. Tulipita Silibwet, njia ya kwenda hospitalini kwa Calvince, mvua ya mawe ikitupiga juu ya paa.

Calvince alimpitishia ule mpira wa kamera. Alipotoka, alituita sisi watatu kando. Alisema uvimbe umeziba karibu njia yote na umeshatoka nje ya koo. Kinachowezekana ni kuweka bomba dogo ndani, chakula laini kipite, apate nafuu kwa muda.

"Kwa muda gani?" Fancy aliuliza.

"Miezi, dada yangu. Siwezi kukudanganya." Kisha akamgeukia Benard, wala hakuwa na ukali. "Mzee, mbona hamkumleta ile siku tulikuja kwenu? Tulikuwa hapo chini tu, karibu na boma yenu. Hiyo kitu pengine ilikuwa bado ndogo. Pengine ningeitoa siku hiyo hiyo."

Benard aliangalia kofia yake.

"Tuliogopa kupimwa ukoo," alisema.

"Kupimwa nini?"

"Ukoo. Ortinwek. Ile DNA. Iliandikwa kwa tangazo."

Calvince alimtazama, akanitazama mimi. Akaweka vidole viwili shingoni mwake. "Mzee, mimi napima hii. Koo. Hapa."

Nililiona tangazo langu lote mbele yangu, kila herufi. Nilitamani sakafu ifunguke. Fancy alianza kulia, na Benard hakulia. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kuhakikisha, "Ni hii ya kumeza?"

"Ni hiyo ya kumeza."

Siku ya tatu bomba lilikuwa limewekwa, na Priscah aliweza kunywa chai ya vuguvugu kwa kijiko. Benard alimlisha mwenyewe. Kisha, mbele yangu na Fancy, akaamua kutua mzigo wake. Alimwambia habari za njaa, za Kisii, na za mtoto Nyang'au aliyepokewa. Alisema ndiyo sababu alimzuia. Alisema kwa shida, akisimama kila baada ya maneno mawili.

Priscah alimngoja amalize. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo sana.

"Nyang'au? Hiyo nilijua kabla ulete ng'ombe kwetu. Mama yako aliniambia."

"Mama?"

"Na Mathew anajua. Na mama yake Mathew alijua. Kila mtu anajua, Baba Fancy. Mtu akishapokewa, amepokewa. Nani alikuwa anakuuliza?"

Benard alikishika kile kijiko, hakujua akiweke wapi. Hapo ndipo alipolia. Jamani, nimekaa na watu wengi wenye msiba, lakini sijaona mtu akilia vile. Siri aliyoilinda kwa uhai wa mkewe haikuwa siri. Ilikuwa inajulikana kuanzia kwenye mzani wa majani hadi kanisani, na hakuna aliyeona ina uzito wa kutosha kuitaja.

Priscah alifariki mwezi wa nane. Tulimzika juu ya shamba lile lile la chai, na hakuna mashine wala mtu aliyekuja kuuliza ni la nani. Mathew ndiye aliyechimba kaburi tangu alfajiri, na hakutaka kupokezana.

Mwezi wa kumi na moja Calvince alirudi na wenzake. Safari hii niliandika hivi: Daktari ataangalia mahali chakula kinapopita, kutoka mdomoni hadi tumboni. Hakuna anayeuliza habari za ukoo wala shamba. Kipande kitakachochukuliwa ni cha ngozi ya ndani ya koo, kidogo kuliko punje ya mtama. Si mwandiko wa kusifiwa, maana karatasi ilijaa. Benard alisimama kando yake siku tano mfululizo, akiwasomea wanaofika na magunia, kwa Kiswahili na kwa Kipsigis. Aliyekuwa na swali aliulizia pale pale. Walikuja watu mia moja na wanne. Wawili walikutwa na mwanzo wa ule ugonjwa, wakatibiwa, nao leo wanachuma majani kama ninyi. Mmoja wao ni Mathew.

Juzi nilipita kwa Benard. Alinimiminia chai, akaweka vikombe viwili juu ya meza, akakaa akiuangalia mvuke ukipungua. Sikumtania. Tulingoja mpaka ikapoa, ndipo tukanywa.

FUNZO

Ndugu zangu, elimu mpya inafika hata huku kwetu, na itazidi kuja. Kuna mashine inayosoma damu, kuna kamera inayoingia tumboni, na kesho kutakuwa na nyingine ambazo mimi sizijui majina. Wanaozileta wenyewe wanakubali kwamba hawajui yote. Lakini haitatufaa chochote kama tunaipokea kwa nusu neno tulilolisikia kwenye mzani. Mathew alisema kweli kuhusu DNA, na ukweli wake uliokaa mahali pasipo pake ulifanya kazi ya uongo.

Wewe unayeandika, andika kwa ajili ya msomaji, usiandike kwa ajili ya sifa zako. Wewe unayesoma na hujaelewa, uliza. Aibu ya kuuliza ni ya siku moja. Na wewe unayeficha jambo la babu yako, mwambie mwenzako leo jioni mkikamua, kwa maana huenda analijua tangu zamani.

Chakula kikikukwama kooni zaidi ya wiki mbili, usikisukume kwa chai. Nenda ukapimwe. Na chai ngoja ipoe kidogo, maana wataalamu wanasema moto ule wa miaka mingi hauliachi koo salama. Kama kuna neno katika haya ambalo hamkulielewa, nyumba yangu ni ile ya mabati ya kijani karibu na kanisa. Mlango uko wazi, na safari hii mkija nitasimama niwasikilize.