Majoho Kumi na Mawili

Mwaka wa 1998, mtaa wa Gatongora, Ruiru, ulikuwa na fundi cherehani mmoja mbishi. Jina lake Mbaluka. Alishonea kwaya ya kanisa lao majoho kumi na mawili ya samawati. Jumapili wanakwaya waliposimama kuimba, pindo zote za chini zilikuwa zimekwenda upande.

"Baba Ndunge, zimepinda," mkewe Wavinya alimwambia.

"Zimenyooka. Ni wao wanasimama vibaya."

Wavinya alicheka mpaka akashika mbavu. Mbaluka hakucheka. Jicho lake la kushoto lilizibwa na mtoto wa jicho, ule ukungu unaoingia ndani ya jicho. La kulia lilipasuliwa miaka mitano nyuma. Ukungu uliondoka, lakini tangu hapo kila mstari aliuona umelala kidogo. Wateja walikuwa wameanza kupeleka vitambaa Juja, naye aliogopa sana. Fundi bila macho atashona nini?

"Si twende wapasue hilo lingine," Wavinya alimsihi.

"Waliharibu moja, niwapelekee la pili?"

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Siku moja Kulthum, muuguzi wa macho huko Thika, alileta gauni lipunguzwe kiuno. Alimwona Mbaluka akiinamisha kichwa ili aupate mstari wa chaki.

"Mzee, hilo jicho lilipasuliwa lini?"

"Tisini na tatu. Wakaniharibia."

"Hawakuharibu, Mzee. Hebu niambie. Ukishona mshono mrefu kwa kitambaa chepesi, na uzi umekaza, inakuwaje?"

"Kitambaa kinavutwa. Kinajikunja."

"Basi. Mbele ya jicho kuna kioo laini cha mviringo. Wakati ule daktari alikata mkato mrefu ndiyo autoe huo ukungu, halafu akashona. Hicho kioo kikavutwa, kikapoteza mviringo wake. Ndiyo maana mistari inalala."

Mbaluka alipapasa mshono wa lile gauni. Miaka mitano alikuwa amemlaumu daktari, kumbe ni jambo analolijua kwa vidole vyake mwenyewe.

"Na hili la kushoto?"

"Siku hizi kuna madaktari wanakata mkato mdogo, kama nusu ya ule. Mara nyingi hautaki hata uzi. Jicho linavutwa kidogo tu. Pengine utahitaji miwani, sitakudanganya. Na hilo la kulia tutalipima, upate miwani ya kulisaidia."

"Mshono mfupi, kitambaa hakivutwi," Mbaluka alisema polepole. "Hiyo naelewa. Mama Ndunge, niletee koti."

Alipasuliwa Thika. Alitia dawa kila siku, hakusugua jicho, na alirudi kliniki kila tarehe aliyoambiwa. Wiki sita baadaye alipimwa macho yote mawili, akapewa miwani.

Jumapili iliyofuata kwaya ilisimama kuimba. Mbaluka aliangalia pindo kutoka joho la kwanza hadi la kumi na mbili. Ibada ilipokwisha, aliwasubiri mlangoni.

"Vueni. Yote."

"Kwani yana nini, fundi?" aliuliza kiongozi wa kwaya, akijifanya hajui.

"Yamepinda."

"Si ulisema ni wao wanasimama vibaya?" Wavinya akamchokoza.

"Hilo lilikuwa jicho la zamani likiongea," Mbaluka alijibu.

Kanisa zima likacheka, na safari hii yeye ndiye aliyecheka zaidi. Akabeba majoho yote begani, akaenda nyumbani kuyashona upya.