Vigingi vya Njia ya Chemchemi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wangare alishuka na mtungi wake hadi chemchemi iliyokuwa chini ya shamba la Mzee Gathogo, karibu na mji mdogo wa Bahati. Njia ilipita katikati ya viazi vya mzee huyo. Wanakijiji walikuwa wameitumia tangu enzi za babu zao bila kuomba ruhusa.

Jumatatu moja alimkuta mwanamke mgeni akichungulia kwenye chombo chenye miguu mitatu, Mzee Gathogo akiwa kando yake. Wangare alipowasalimu, waliacha kuzungumza. Aliporudi na maji, aliona vigingi vyenye rangi nyekundu vimepigwa kandokando ya njia. Shaka ikamwingia moyoni. Mwaka uliopita, ng'ambo ya barabara kuu, vigingi kama hivyo vilifuatwa na seng'enge, na tangu hapo watoto wa upande ule walizunguka mwendo wa saa nzima kufika shuleni.

Siku hiyo darasani hakusikia lolote la mwalimu. Kwa nini walinyamaza walipomwona? Kwa nini mzee, ambaye daima alimuuliza habari za mama yake, aliinamisha macho? Masomo yalipokwisha hakumwambia mtu. Aling'oa vigingi vyote vinane, akavificha ndani ya nepia, majani marefu ya kulishia ng'ombe, akaenda nyumbani akijiona shujaa.

Kesho yake jioni, naibu wa chifu aliita baraza pale shambani. Yule mgeni, mpima ardhi aliyeitwa Chepchirchir, alieleza kuwa Mzee Gathogo ndiye aliyemwita. Alitaka njia ipimwe na kuandikwa kwenye ramani kuwa njia ya umma, ili hata akifa asitokee mtu wa kuifunga. Sasa vigingi vilikuwa vimetoweka.

Minong'ono ikaanza. Jirani mmoja, Mama Linah, alisema waziwazi kwamba mzee amebadili nia na kuving'oa mwenyewe. Wengine wakamuunga mkono. Mzee Gathogo alisikiliza akiwa ameegemea fimbo yake.

"Kama ndivyo mnavyonijua," alisema hatimaye, "basi nitaweka ua. Kila mtu atafute njia yake."

Wangare alikuwa amesimama kando ya mama yake. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini alimtazama mzee akigeuka kwenda zake peke yake, akashindwa kuvumilia.

"Ni mimi niliving'oa, guka," alisema, akimwita babu kama watoto wote wa kijiji. "Nilidhani unataka kutufungia."

Mama yake alifunika uso kwa leso. Mzee Gathogo alirudi polepole hadi mbele ya msichana.

"Unapita mlangoni kwangu kila siku. Mbona hukuniuliza?"

"Mlinyamaza mliponiona. Niliogopa utanidanganya."

Mzee alishusha pumzi. Alimweleza kwamba asubuhi ile walikuwa wakijadili njia ipite wapi, kwa kuwa kaburi la mkewe lilikuwa karibu nayo. Machozi yalikuwa yamemlengalenga, naye hakutaka mtoto ayaone.

Wangare aliomba msamaha, kisha akaenda kuvitoa vigingi kwenye majani. Mama Linah naye alimpa mzee mkono, akakiri kwamba amemkosea. Chepchirchir alipima upya, Wangare akimshikia ncha ya utepe, na mzee hakutaja ua tena.

Kigingi cha mwisho kilipopigwa, Mzee Gathogo alimwita.

"Sikulaumu kwa kutilia shaka," alisema. "Ardhi imewaliza wengi huku kwetu, na ni vyema mtoto awe macho. Lakini ukishuku, uliza. Hukuuliza, ukachukua hatua, na lawama ikaniangukia mimi. Umefanya vyema kusema ukweli, maana leo ningefunga njia kwa hasira na kijiji kizima kingeumia. Sasa, una swali lolote?"

Wangare alilitazama kaburi lililokuwa hatua chache kutoka njiani. Akauliza mke wa mzee aliitwa nani.

"Jepkoech," mzee alijibu, na safari hii hakuinamisha macho.