Jicho Lililosubiri Kitanda

Siku ile mjinga alikuwa kinyozi, na mwenyewe hakatai. Ila kinyozi ana shida yake: hapingwi. Nani atambishia mtu aliyemshikia wembe shingoni?

Redio ilitangaza sheria mpya ya bima ya serikali. Kinyozi akacheka mpaka povu likamdondoka mkononi.

"Eti bima italipia upasuaji kwenye vituo vya kuingia asubuhi na kutoka mchana! Upasuaji huo, au kunyolewa ndevu?"

"Kweli kabisa, fundi," alijibu mteja, bila kutikisa kidevu.

Mke wa kinyozi alikuwa mshonaji. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, ukungu unaoziba nuru. Uzi aliutunga kwa kupapasa. Vidole vilijaa michomo ya sindano. Daktari alikwishampa rufaa ya upasuaji.

"Twende kile kituo cha macho, karibu na soko," alisema mke.

"Thubutu! Bima inalipia aliyelazwa. Tusubiri kitanda hospitali kuu."

Wakasubiri. Mvua zikaja, zikaisha. Kitanda hakikupatikana. Asubuhi moja mke aliamka ameshika jicho la kushoto, anatapika kwa maumivu. Mtoto wa jicho alikuwa amekomaa mno, na presha ya jicho imepanda. Hospitali waliyatuliza maumivu. Nuru hawakuweza kuirudisha.

Jirani yao, muuguzi wa macho, alikuja kuwapa pole.

"Shemeji, nani alikwambia bima hailipi?"

"Nilijua mwenyewe."

"Ulijua sheria ya zamani. Hii mpya inalipia hata vituo visivyolaza. Lakini si kila chenye kibao barabarani! Kituo kiwe kimesajiliwa na bima. Rufaa mnayo. Wapigieni simu bima kwanza, muulize: mnalipa yote, au kuna kitakachobaki kwetu? Na kituoni muulize: mgonjwa akizidiwa usiku, tumkimbize wapi?"

"Akirudi mchana huohuo, si atanifia nyumbani?"

"Jicho hili lililobaki halihitaji wodi, shemeji. Linahitaji dawa ya matone, mikono safi, na mtu wa kumshika mkono njiani. Mtu huyo ni wewe."

Safari hii kinyozi aliuliza kabla ya kusema. Kituo kilikuwa kimesajiliwa, na bima ikalipa. Mke aliingia asubuhi, akatoka mchana, jicho la kulia limefunikwa. Kesho yake walipolifunua, aliona tundu la sindano. Akamwona na mumewe, mvi zimemjaa.

Jioni kinyozi alinawa mikono kwa sabuni, akamtia matone.

"Mama watoto, yaishe basi. Sote tulikosea."

Mke akajifuta shavu.

"Kama tulikosea sote, mbona jicho limekufa langu tu?"