Aliyechomoa Plagi

Kila siku ya shule, Chiriku alifungua kufuli, akasukuma mlango kwa bega, akaita, "Hodi!" Kisha alijijibu mwenyewe, "Karibu, pita ndani." Hakuna aliyemfundisha mchezo huo. Ulianza tu baba yake alipoondoka, kwa kuwa nyumba tupu hutisha zaidi ukiiingia kimya.

Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Baba ndiye aliyembandika jina hilo la ndege mpiga kelele, kwa sababu zamani msichana huyo alikuwa akisema tangu anapofumbua macho mpaka usingizi unapomkatiza katikati ya sentensi. Siku hizi jina lilibaki, ila maneno yalikuwa yamehama. Angemwambia nani? Baba alikuwa dereva wa mtambo wa kuchonga barabara, kwenye kambi ya mbali ambako simu hazikushika. Mama alikuwa msimamizi wa stoo ya dawa hospitalini, na zamu yake ya mchana ilimrudisha nyumbani giza likiwa linaingia.

Chiriku alikula chakula alichoachiwa, kimefunikwa kwa sahani. Aliosha sahani ile. Alifanya hesabu za mwalimu. Halafu aliketi akatazama pembe ya sebule, pale kompyuta ilipokuwa.

Kompyuta ile ilikuwa na sheria moja, na mama hakuwa mtu wa kurudia sheria. "Haiwashwi nikiwa sipo. Kompyuta si yaya." Jumapili jioni ndiyo ilikuwa siku yake. Baba alipewa zamu kwenye kompyuta ya kambini, iliyopata mtandao kwa setilaiti, sura yake ikatokea kwenye kioo ikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, wakazungumza naye mpaka mwenzake aliyekuwa akisubiri zamu aanze kukohoa nyuma yake.

Ili kuhakikisha sheria inafuatwa, mama alikuwa na kipimo chake. Akiingia tu, kabla hata hajavua viatu, aliweka mgongo wa kiganja nyuma ya kasha la kompyuta, kama anayempima mtoto homa. Likiwa baridi, alisema "Vizuri," akaenda jikoni. Likiwa na joto, basi usiku huo ulikuwa mrefu.

Chiriku alijua dawa ya kipimo hicho. Aliiwasha kompyuta mapema, na jua lilipoanza kushuka akachomoa plagi ukutani, maana kuizima kwa utaratibu kulichukua muda. Kisha alifungua dirisha, akalipepea kasha kwa kifuniko cha sufuria mpaka likapoa. Mama aligusa, akasema "Vizuri." Mambo yakawa hivyo kwa majuma mengi.

Wala hakuwa anacheza michezo. Alifungua ule ukurasa wa kupigia simu, akatazama jina la baba. Pembeni mwa jina hilo palikuwa na kitone cha kijivu. Mara mojamoja, mchana, kitone kiligeuka kijani. Maana yake baba ameketi mbele ya kompyuta ya kambini, yuko hai, anapumua, pengine anasoma ujumbe wa ofisi. Chiriku hakupiga simu. Mama alikuwa ameshasema, "Baba yako akiwa kazini asisumbuliwe." Alitazama tu kile kitone mpaka kikazimika.

Alhamisi moja, kioo kiligeuka buluu chenyewe. Yakatokea maandishi: *Inasasishwa. Tafadhali usizime kompyuta.* Chini yake asilimia zilipanda taratibu kama konokono anayepanda ukuta. Chiriku alitazama dirishani. Jua lilikuwa limefika juu ya paa la jirani. Akasubiri. Asilimia zikasogea kidogo, zikaganda. Mara akasikia lango likilia, mama amewahi kurudi, akachomoa plagi.

Mama aliingia, akaenda moja kwa moja jikoni na mzigo wa sabuni. "Leo wamenionea huruma," alisema kutoka huko. "Nimeruhusiwa mapema." Alipokumbuka kugusa kasha, kifuniko cha sufuria kilikuwa kimeshafanya kazi yake.

Usiku mama alitaka kuandika ripoti. Akabonyeza kitufe. Feni ikavuma, alama ya kampuni ikatokea, vidoti vikazunguka na kuzunguka. Kisha giza. Kisha alama tena. Vidoti tena. Giza tena.

"Chiriku! Umeigusa hii?"

"Hapana, Mama."

"Hata kidogo?"

"Sijaiwasha. Tangu Jumapili sijaiwasha."

Uongo una tabia ya wageni wasioalikwa. Ukishaingia, hauondoki, unakaa, unakunywa chai, unakutazama. Ijumaa yote Chiriku alikaa nao. Darasani hakusikia somo. Nyumbani hakubisha hodi. Aliketi mbele ya kioo cheusi, akaona sura yake tu, na ndipo alipopiga hesabu ya mambo: Jumapili ni kesho kutwa.

Jumamosi asubuhi alikuja shangazi yake, dada mkubwa wa baba. Shangazi alikuwa fundi wa kompyuta katika chuo, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa.

"Wifi!" alimwita mama hata kabla hajaingia. "Mgonjwa yuko wapi? Na wewe Chiriku, mbona umenyauka hivyo, mama yako anakulisha hewa?"

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nishikie taa hii."

Alilifungua kasha kwa bisibisi, akapiga chafya. "Wifi, humu mmeweka kompyuta au mmelima bustani? Vumbi hili lingeotesha mahindi!"

"Nifute vumbi saa ngapi, nawe unajua zamu zangu?" mama alijibu. "Umekuja kutengeneza au kunikagua?"

"Vyote viwili. Bei ni ileile, bure."

Walicheka. Chiriku hakucheka.

Shangazi alijaribu plagi nyingine, halafu waya mwingine. Alichomoa kadi za kumbukumbu, akazisugua miguu kwa kifutio cha penseli, akazirudisha mpaka zikalia *kop*. Aliwasha. Vidoti vikazunguka. Giza.

"Mara ya mwisho ilizimwaje?" aliuliza.

"Jumapili nilimaliza kuzungumza na kaka yako, nikaizima," mama alisema. "Tangu hapo haijawashwa. Alhamisi usiku naibonyeza, ndiyo hii unayoiona."

"Chiriku, ni kweli?"

Chiriku aliinamisha taa ndani ya kasha. "Ndiyo, Shangazi."

Shangazi alikuna kichwa kwa mpini wa bisibisi. "Basi. Mashine iliyolala vizuri ikaamka mgonjwa, bila kuguswa na mtu, mimi naishuku diski. Diski ikizeeka haiagi. Dawa ni kuifuta yote nipakie programu upya. Ikikubali, imekubali. Ikikataa, nitatafuta nyingine chuoni."

"Na akaunti ya kupigia simu?"

"Itafutika. Utaandika neno la siri, utaingia tena."

"Neno la siri analo kaka yako kichwani. Ndiye aliyeifungua."

"Ah."

"Na kule simu haishiki."

"Basi, wifi, itabidi tusubiri likizo yake."

Likizo ya baba ilikuwa baada ya mvua. Mvua zenyewe zilikuwa hazijaanza.

Mama alivuta stuli akaketi. Kwa kawaida hakuwa mtu wa kuketi mchana. "Ni mimi," alisema. "Jumapili nilikuwa nimechoka. Labda niliizima ovyo. Nilibonyeza tu, nikaenda kulala. Nimeiua kwa mkono wangu mwenyewe, na mtoto ndiye atakayekosa kumwona baba yake." Alijifuta uso kwa upande wa khanga kama mtu anayefuta jasho, ila chumba hakikuwa na joto.

Chiriku alikuwa amejiandaa kwa mengi. Alikuwa amejiandaa kwa fimbo, kwa maneno makali, hata kwa kunyimwa chakula. Hakuwa amejiandaa kumwona mama akibeba kosa lisilo lake.

"Si wewe, Mama."

"Nini?"

"Si wewe. Ni mimi. Huwa naiwasha. Kila siku. Nachomoa plagi ili ipoe kabla hujarudi." Maneno yalitoka yakisukumana mlangoni. "Alhamisi iliandika inasasishwa, tusiizime. Nikasikia lango. Nikachomoa."

Mama alisimama. Stuli ikaanguka.

"Ulinitazama usoni," alisema polepole, "ukaniambia hujaigusa."

"Ndiyo, Mama."

"Na shangazi yako, sasa hivi!"

"Ndiyo."

"Ngoja, wifi, ngoja, utamchapa baadaye, hakimbii huyo," shangazi alidakia, akamgeukia Chiriku. Utani ulikuwa umemtoka. "Niambie hasa. Asilimia zilikuwa zimeanza kupanda?"

"Zilianza. Kisha zikaganda."

"Na baada ya hapo hukuiwasha tena?"

"Hapana. Mama ndiye aliyewasha usiku."

"Ewe mtoto!" Shangazi alipiga paja. "Hii si diski. Mashine hii haina ugonjwa wa kufa. Imekatizwa ikiwa inavaa nguo, mguu mmoja uko ndani ya suruali, mwingine nje, na kila ikijaribu kutembea inaanguka! Ningeifuta bure. Kompyuta iliyozimwa haisasishi chochote, kwa hiyo wala nisingetazama huko."

Aliwasha kompyuta, na alama ilipotokea akakandamiza kitufe mpaka ikazimika. Akarudia. Akarudia tena, mpaka mashine yenyewe ikachoka na kuleta ukurasa wa matengenezo. Akateremka kwenye orodha, akachagua kuondoa sasisho la mwisho. Kioo kikaandika kwamba inafanya kazi, tafadhali subiri.

"Sasa," alisema, akikunja mikono, "asiiguse mtu."

Wakasubiri. Mama alikuwa amegeukia dirisha. Bila kugeuka, aliuliza, "Ulikuwa unatazama nini humo kila siku?"

"Kitone, Mama."

"Kitone gani?"

"Cha baba. Kikiwa kijani ujue yupo."

"Ukampigia?"

"Hapana. Ulisema asisumbuliwe. Nilikuwa nakitazama tu."

Mama alikwenda jikoni. Walisikia maji yakijaa kwenye beseni, yakajaa mpaka yakamwagika, na hakukuwa na chombo hata kimoja cha kuosha. Shangazi alitaka kusema neno, akaona afadhali akusanye skrubu zake.

Kompyuta ilijizima, ikajiwasha. Vidoti vikazunguka kwa muda mrefu. Kisha picha ya baba akiwa juu ya mtambo wake ikajaa kioo kizima.

"Imevaa suruali!" Shangazi alipaza sauti. "Wifi, njoo uone!"

Mama alikuja, mikono imelowa. Alitazama kioo, akamtazama binti yake. "Adhabu yako ipo," alisema. "Sare zangu zote za kazi utazifua wewe mpaka mwisho wa mwezi, na kesho utamweleza baba yako kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi sitakusaidia neno."

Jumapili jioni sura ya baba ilitokea, na vumbi lake kwenye nyusi. Chiriku alieleza yote bila kuruka. Alitarajia kukaripiwa. Baba alisogea mbele mpaka uso wake ukajaa kioo.

"Kumbe ulikuwa wewe," alisema.

"Nini, Baba?"

"Mchana nikipita ofisini hufungua ukurasa, naona kitone cha nyumbani ni kijani. Nikadhani mama yako amehamishiwa zamu ya asubuhi, karudi, anaandika ripoti zake. Nikasema nisimkatize. Nakitazama kidogo, nafunga, narudi kwenye mtambo." Alicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. "Miezi yote hii, mwanangu. Tulikuwa tumekaa uso kwa uso."

Nyuma ya baba, mtu alianza kukohoa.

"Jumatano mchana," baba alisema haraka, "nitaomba zamu fupi. Mama Chiriku, utamruhusu?"

"Nitamruhusu," mama alisema. "Jumatano tu. Na atazima kwa utaratibu."

Simu ikakatika. Sebule ikarudi kwenye ukimya wake. Mama alivuta kiti kingine akakiweka kando ya cha Chiriku. Alizungumza kama azungumzavyo siku zote, bila kupamba.

"Nisikilize. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Shangazi yako ni fundi hodari, lakini uongo wako ulimpeleka njia ya diski wakati ugonjwa ulikuwa kwingine. Angetibu vizuri sana kitu ambacho hakiumwi. Fundi, daktari, mwalimu, mzazi, wote ni vipofu usipowaambia kweli. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Sijamaliza. Kuna uongo wa pili, nao ni huu wa kunyamaza. Nilikuwa nikikuuliza umeshindaje, unanijibu 'salama'. Hukuwa salama. Mimi napima joto la mashine, kumbe anayeumwa ni mtoto, na mtoto hasemi. Kosa la kutotazama ni langu, nalo nitalirekebisha. La kutosema ni lako. Ukiwa mpweke, useme. Hata anayekupenda atapita mlangoni akidhani umelala."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali.

"Haya," mama alisema, akakunja miguu juu ya kiti. "Umeshindaje leo? Na usiniambie salama."

Chiriku alifikiri kidogo. Kisha akaanza kusema.