Singe ya Uani kwa Biasha

Jumatatu, saa kumi na mbili unusu asubuhi, Msambweni. Biasha alitoka uani na nazi mbili mkononi, akakuta shimo mahali pa kifuo chake cha kufulia nazi makumbi.

Kifuo hicho hakikuwa cha mti. Kilikuwa singe, kile kisu kirefu kinachofungwa kwenye mdomo wa bunduki. Babu yake, Sefu, alirudi nayo kutoka vita vya Mjerumani, alikopelekwa na Mwingereza, kafungwa kamba, kubeba mizigo. Miaka zaidi ya mia imepita, na katika vitabu vyao hana jina!

Jumatano kamati ya wazee wa mji ingepitisha majina ya ukuta wa kumbukumbu ya wapagazi wa vita hivyo. Sharti lao: kila ukoo ulete ushahidi wa kushikika. Biasha hakuwa na mwingine.

Saa mbili alifika jirani yake, Twaiba, aliyewanolea wakata miwa wa Ramisi mapanga kwa miaka thelathini. Alipiga magoti, akafikicha udongo mwekundu wa lile shimo.

"Ala yake ipo?"

"Ipo, juu ya kabati."

Ilikuwa ala ya chuma. Twaiba aliisugua mdomoni kwa kidole mpaka nambari ikatokea: 418.

"Hii nambari utaikuta na kwenye singe yenyewe. Sasa sikiliza, dada. Ukiulizwa, umepoteza singe. Neno kifuo lisikutoke."

Mtu wa kwanza kushukiwa alikuwa Shutu, mnunua vyuma chakavu, aliyepita na mkokoteni Jumapili. Twaiba alimkuta saa tano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Singe iko wapi?"

"Singe yupi? Yule fundi wa Majoreni? Sijamwona tangu Idi!"

Twaiba alicheka mpaka akashika mbavu. Hata singe ni nini hajui; huyu siye.

Jumatano, saa nne asubuhi, ukumbi ulijaa. Mzee Abdurahman, mwenyekiti wa kamati mwenyewe, aliweka mezani singe ndani ya ala mpya ya ngozi.

"Ya marehemu babu yangu. Imekaa sandukuni tangu vita."

Biasha alimfinya Twaiba mkono. Twaiba aliinuka.

"Naomba niitazame, mzee. Chuma ndiyo kazi yangu."

Aliichomoa. Mpini ulikuwa umevishwa mbao mpya. Shina la bapa lilikuwa na kutu, lakini ncha iling'aa kama kijiko.

"Ya sandukuni hushika kutu sawasawa. Hii imeng'aa nchani tu."

"Niliipiga msasa."

"Na udongo huu mwekundu kwenye mfereji wa mpini?"

"Vumbi! Wewe mnoa mapanga utanifundisha mali ya kwetu?"

"Hasha, mzee. Ila Biasha naye amepoteza singe. Anasema ilikuwa imetundikwa sebuleni, ukutani, kwenye fremu ya kioo."

"Mwongo!" Abdurahman alipiga meza. "Fremu gani? Kaichomeka uani kwenye matope, anafulia nazi! Kitu cha heshima kama hiki!"

"Wewe uliionea wapi?" Twaiba aliuliza polepole.

Twaiba alichokoa ule udongo kwa pini ya mtandio wake. Chini yake ikatoka 418. Biasha alitoa ile ala ya chuma ndani ya leso yake. Singe ikaingia, ta! bila kusukumwa.

"Babu yako hakubeba mzigo hata mmoja," Biasha alisema. "Alikuwa mtu wa bwana DC, yule Mwingereza mkuu wa wilaya. Ndiye aliyewaonyesha askari nyumba za kwetu usiku, nani achukuliwe. Sasa mwamtaka aandikwe pamoja na aliowauza?"

"Watu wamesahau hayo," Abdurahman alinong'ona. "Nilitaka wajukuu wangu wamsome mahali pazuri."

"Sisi hatujasahau!" Ukumbi mzima ulisimama, kelele juu.

Karani alivuta daftari karibu, akafuta jina la babu yake Abdurahman.

"Haya mama. Babu yako vitabuni hayumo. Niandike mpagazi asiyejulikana, wa Msambweni?"

"Anajulikana," Biasha alisema. "Sefu mwana wa Chome. Andika, nami nasimama hapa hapa nikikutazama."